Mzazi wa Kwenye Mruka

Vuu. Vuu. Vuu. Ndiyo sauti ambayo Penina aliikumbuka kuliko hata kilio cha kwanza cha mwanawe: mabawa makubwa yakipita juu ya bati, taratibu, kama mtu anayekung'uta blanketi zito lililolowa. Alikuwa kitandani wakati huo, amejifungua juzi tu, dirisha limezibwa kwa kanga, na kutoka nje haruhusiwi. Mama mkwe alipoingia na bakuli la mtori, Penina alimwuliza ni nini kile kinachopita.

"Hondohondo," mama mkwe akasema. "Naye anampelekea mkewe chakula. Kula."

Miaka ile Kimandolu ilikuwa bado shamba. Kahawa ilikaa chini ya migomba, migomba ikakaa chini ya miruka, miti mirefu ya kivuli, na jua la saa sita lilifika ardhini likiwa limekatwa vipande vipande. Mbega walivuka kutoka bonde moja la mto hadi jingine bila kukanyaga chini. Kisha mji ukapanda mlima. Kahawa iling'olewa, uzio wa michongoma ukageuka ukuta wa matofali, na mbega wakahama bila mtu yeyote kuiona siku waliyohama. Kima walibaki, kwa kuwa kima hujifunza upesi kufunua sufuria. Hondohondo nao walibaki wachache, kwa sababu ya miti mikubwa michache iliyosahauliwa kukatwa. Mmoja wa miti hiyo ulikuwa uani kwa Penina: mruka mnene, mzee, ulioegemea kidogo upande wa jirani, wenye tundu juu penye mwachano wa matawi.

Penina alizaliwa Akeri, akaolewa Kimandolu na Sumari, fundi seremala mpole aliyezungumza na mbao zaidi ya watu. Sumari alipofariki, Penina alikwenda kukata waridi kwenye mashamba ya maua ya Usa River. Alisimama ndani ya zile nyumba za nailoni mpaka mgongo ulipokataa. Aliporudi nyumbani akajikuta na kazi ambayo hakuiomba. Alilea wazazi.

Kwa Wameru, mwanamke aliyejifungua haitwi mgonjwa wala haitwi mzima. Ni mzazi. Anakaa ndani miezi, hafagii, hachoti maji, haulizwi habari za madeni wala za ugomvi. Analetewa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama mkwe, lakini mama wakwe wa siku hizi wako dukani, wako ofisini, wengine wako Dodoma. Basi watu wakamwita Penina. Alifika asubuhi na kikapu chake, akachemsha mtori, akakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akamkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto, akamwosha mtoto, akafukuza wageni. Kwenye kufukuza wageni ndiko alikojulikana zaidi. Aliwahi kumsimamisha mlangoni kijana aliyekuja kukata umeme.

"Humu kuna mzazi," alimwambia.

"Bibi, mimi nimetumwa."

"Na mimi nimetumwa."

Kijana alitazama ngazi yake, akatazama uso wa Penina, akaibeba ngazi akaondoka.

Kazi ya namna hiyo inaendeshwa na jina. Mtu anayeachiwa ufunguo wa nyumba, mtoto mchanga na kibuyu cha maziwa, lazima awe mtu ambaye hakuna mahali anapotajwa vibaya. Penina hakuwa ametajwa vibaya popote, kuanzia Kimandolu mpaka Usa River.

Alikuwa na kawaida moja aliyoirithi kwao. Kila nyumba aliyoingia kulea, siku ya kwanza alichomeka isale mlangoni. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao kila Mmeru anao shambani, maana ndio wanaopandia mipaka. Lakini mama yake Penina aliuchomeka pia mlangoni pa mzazi, ili anayekuja na kelele arudi nazo. Nyumba nyingine za Akeri hazikuwa na desturi hiyo. Kwao ilikuwepo, na Penina hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyeielewa.

Mwaka huo, jacaranda za barabarani zilipokuwa zinaanza kuchanua, hondohondo wawili walikuja kwenye tundu la mruka. Penina aliwatazama akiwa anamenya ndizi. Dume, mwenye pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo, alileta udongo kooni, akautapika donge moja moja. Jike alikuwa ndani. Aliyapokea madonge, akajijengea ukuta mwenyewe, akajizibia, mpaka ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Tangu hapo dume alikwenda na kurudi kutwa nzima, koo limejaa makuyu, na chini ya mti mbegu zikaanza kutapakaa.

Penina aliacha kumwaga majivu upande ule. Akahamisha na kamba ya kuanikia.

Ilikuwa katika wiki hizo ndipo Prosper, mwanawe wa pekee, alipokuja na kibali cha kukata mti.

Prosper ni dereva wa utalii. Mkewe, Angel, alikuwa mjamzito, anatarajia kujifungua Januari, na walipanga chumba kimoja Usa River, nyuma ya baa ambayo muziki wake huchezesha vikombe kabatini. Prosper alitaka mkewe atoke hospitali aingie kwenye nyumba yao wenyewe. Kiwanja kilikuwepo, hapo hapo uani kwa mama yake. Matofali yalikuwepo. Kamba za msingi zilikwisha pimwa, na kona moja ya msingi ilianguka sawasawa juu ya mizizi ya mruka.

"Subiri atoke," Penina alisema.

"Nani atoke?"

Penina alielekeza kidevu chake juu.

"Mama. Ndege ni ndege."

"Ni mzazi."

"Mama!"

"Huko hifadhini si unawasimamishia wageni gari wamwangalie huyu huyu?"

"Wale wanalipa, Mama. Na wakishapiga picha wanaondoka. Huyu wako anataka mimi nisijenge."

"Sijasema usijenge. Nimesema usubiri. Akitoka, kata."

"Atatoka lini?"

"Akimaliza."

Prosper alicheka, akatikisa kichwa, akamshika mama yake bega. Si kijana mbaya. Alisema ana safari ya Serengeti na wageni, na akirudi tu, Hans mkata miti atakuja na msumeno wake wa injini. Alisema na mvua za vuli haziko mbali, msingi ukilowa ni hasara. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na Penina alijua ni kweli. Angel naye alihitaji mahali pa kulala akilelewa. Nyuma ya baa halali mzazi.

Asubuhi iliyofuata, gari la Prosper likiwa limekwisha ondoka, Penina alikata masale manne kutoka kwenye mpaka wa mbele, akayachomeka kuuzunguka mruka. Alifanya hivyo kama anavyofunga kilemba, bila kutazama mikono. Alimwazia Hans, kwamba Hans ni mtoto wa Kimeru, na akiyaona huenda akauliza kwanza.

Hakumwazia Gidion.

Gidion ni jirani wa upande ule ambao mruka umeegemea. Mzee wa kanisa, mtu mkweli kiasi cha kuchosha. Akijaribu kuficha jambo dogo tu, hata umri wake, hukohoa. Baba yake na baba mkwe wa Penina ndio waliopanda mpaka wa mashamba yale mawili, kwa masale, na masale ya zamani yalikwisha kufa mengine, mengine yakaliwa na mbuzi. Shina la mruka ni nene. Mtu akilizunguka na masale manne, mawili yanaangukia kwa Gidion.

Alfajiri ya kesho yake Gidion alitoka kumfungua ng'ombe, akayaona. Mabichi, yamesimama wima, hatua mbili ndani ya ardhi yake.

Siku nyingine yoyote angeita juu ya uzio, "Mama Prosper, umeamkaje?" Siku hiyo hakuita. Alirudi ndani, akavaa koti, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti Loserian aliwakutanisha barazani pa ofisi yake. Watu walijaa, maana habari za mpaka hazihitaji kutangazwa. Gidion alikaa upande huu, Penina upande ule, na katikati viatu vya watu waliokosa viti.

"Mama Prosper," Loserian alianza, "masale yale ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu."

"Umeyapanda wewe?"

"Nimeyachomeka mimi."

"Kuchomeka na kupanda vinatofautiana nini, Mama? Isale hata ukilitupa linaota."

Watu wakacheka. Gidion akasimama.

"Miaka yote hii," alisema. "Nimemzika Sumari kwa mikono hii. Kama ulitaka hatua mbili, Mama Prosper, ungeniomba. Ningekupa."

"Ungempa wewe?" mtu akampazia Gidion sauti kutoka nyuma. "Baba Princess, wewe limau likidondokea kwa jirani unalifuata na tochi!"

Baraza likaangua kicheko, na Loserian akagonga meza. Penina alikuwa amekwisha fungua mdomo. Maneno yalikuwa mepesi na yalikuwa tayari: si mpaka, ni mzazi, kuna ndege ndani ya mti, nimeweka kama kwetu tunavyoweka. Wangecheka, Gidion angecheka, mambo yangeisha kabla ya chai.

Lakini Loserian alimtangulia.

"Kabla hatujafika mbali," alisema, "eneo lote lile lisiguswe. Asichimbe mtu, asijenge mtu, asikate mtu mti. Mzee Yiamat ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi wakati mpaka unapandwa. Yuko Nduruma kwa wanawe. Aje aonyeshe ulipita wapi. Tumeelewana?"

Yiamat miguu ilikuwa haimtii tena, na mawingu yalikwisha anza kukaa juu ya Meru. Kila aliyekuwa pale aliijua barabara ya Nduruma wakati wa mvua.

"Mama Prosper, ulitaka kusema neno?"

Penina alitazama mikono yake.

"Hapana," alisema. "Mwenyekiti amesema."

Prosper aliporudi kutoka Serengeti, alikuta zuio na mama yake anachambua mboga. Penina alijiandaa kwa hasira. Hasira haikuja. Prosper alivuta kigoda, akakaa, akawa anageuza funguo za gari mkononi.

"Mama. Hatua mbili kweli?" alisema mwishowe. "Ili nyumba yangu isibane?"

Hapo Penina alielewa mwanawe anavyofikiri: kwamba mama yake amekuwa mwizi kwa ajili yake, na kwamba anaona haya, na ndani ya haya yenyewe anamshukuru. Lilikuwa jambo gumu kulitazama. Angemwambia ukweli, Prosper angekwenda kwa Loserian jioni ile ile, na kesho yake Hans angekuwa juu ya mti.

"Kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Basi mvua zikanyesha, na Penina akaitwa mwizi wa ardhi.

Hakuna aliyemwita hivyo usoni. Vijana wa bodaboda kwenye kona walimpa jina. "Shikamoo Bibi Masale! Usije ukapanda hapa kijiweni, tutalala wapi!" Aliwaitikia marahaba na kupita. Jumapili, wazee wa kanisa walisimama mlangoni kupeana mikono na waumini, na zamu ya Penina ilipofika, mkono wa Gidion uliingia mfukoni kutafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa. Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka Penina akawa anatokea mlango wa pembeni, ule wa kwaya.

Kisha kazi. Namelok, binti wa nyumba ya ghorofa karibu na kituo, alikuwa amemwahidi tangu mimba ilipokuwa changa: bibi, wewe tu, simtaki mwingine. Mwezi ulipofika aliyekuja ni mdogo wake Namelok, akabaki amesimama nje ya geti akichezea komeo.

"Shikamoo bibi. Dada anasema usihangaike. Tumepata dada mmoja wa kutusaidia."

"Marahaba. Anajua kupika mtori?"

"Anajifunza."

"Mwambie asizidishe mafuta wiki ya kwanza," Penina alisema. Msichana akaitikia na kuondoka haraka.

Nyumba nyingine hazikutuma hata mtu. Kikapu kikakaa juu ya kabati.

Siku moja alitoka mpaka kwenye uzio. Gidion alikuwa upande wa pili anamkatia ng'ombe majani, mgongo umemgeukia. Penina alisimama pale kitambo. Alifikiria namna ya kuanza: Baba Princess, nikuambie siri. Kisha akamfikiria Gidion mbele ya Loserian akiulizwa kesi inaendeleaje, akikohoa, akikohoa zaidi, mpaka anapigwa mgongo. Gidion akijua, mtaa mzima ungejua. Akarudi ndani.

Juu, kazi iliendelea. Dume alikuja kwenye ukungu, alikuja kwenye manyunyu. Akitua tawini mti mzima ulionekana kumtambua. Aliinamisha kichwa, akapandisha tunda kutoka kooni, akalisogeza kwenye ufa kwa adabu, likapokewa, akapandisha jingine. Kuna siku ya upepo mkali hakuonekana asubuhi wala mchana, na Penina alichoma maharage, yeye ambaye hajawahi kuchoma kitu. Alasiri dume alifika akiwa amelowa chapachapa, akagonga ukuta kwa mdomo. Aligonga tena na tena, kisha ncha ya mdomo ikatokea kutoka ndani. Penina alisugua sufuria; mtu wa kumwambia hakuwepo.

Krismasi ilipita. Yiamat hakuja. Wanawe walituma salamu kwamba barabara imekatika na mzee ana kikohozi.

Januari Angel alijifungua mtoto wa kike. Prosper alimtoa hospitali, akasimamisha gari njia panda, kushoto Usa River na baa yake, kulia Kimandolu. Alishika kulia. Penina alikuwa amekwisha kuvihamisha vitu vya chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mbao na randa za Sumari, akakisafisha, akaweka kitanda, akachomeka isale mlangoni. Hakuna aliyezungumza habari ya nyumba ambayo haikujengwa. Prosper alimbeba mkewe kuvuka kizingiti, akagonga kichwa kwenye mwimo wa mlango, na wote watatu wakacheka zaidi ya kichekesho chenyewe.

Dirisha la chumba kile lilitazama mruka.

Angel ni msichana wa Usa River, alifanya kazi ya kupanga maua kwenye maboksi, na hakuwa amezoeana sana na mama mkwe wake. Siku za kwanza alikula alichopewa, akalala alipoambiwa. Kisha, kwa kuwa mzazi hana kazi nyingine, akaanza kutazama nje kupitia mwanya wa kanga.

"Mama," alisema siku moja, "yule dume anakuja mara nyingi kuliko Prosper."

"Yule hana simu ya kumdanganyia mtu," Penina alisema, na Angel akacheka mpaka akashika tumbo.

"Usinichekeshe, Mama, naumia!"

Siku nyingine alikuwa ameketi, mtoto kifuani. Alitazama nje, akageuka akatazama mlangoni kwake, akatazama nje tena.

"Mama. Hili la mlangoni kwangu, na yale manne ya pale... ni ya kazi moja?"

Penina alikuwa anapoza uji, akiumimina kutoka kikombe hadi kikombe. Hakusimama.

"Kunywa," alisema.

Angel alipokea. Alimtazama mama mkwe wake juu ya ukingo wa kikombe, na hakuuliza tena. Wala hakumwambia Prosper alipokuja jioni. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa mti. Alijua dume amekuja mara ngapi, na amekuja na nini.

Ndiye pia aliyeona kwanza. Ilikuwa asubuhi, mwisho wa Januari, jua limetoka.

"Mama! Mama, njoo! Ukuta unabomoka!"

Penina alitoka jikoni na mwiko mkononi. Vipande vya udongo mkavu vilikuwa vinaanguka, kidogo kidogo, kama mtu anayebisha kutoka ndani kwa heshima. Ufa ukawa dirisha, dirisha likawa mlango. Jike alitokeza kichwa, akakirudisha, akakitokeza tena. Kisha alitoka, mchafu, mkia umepindika kwa kukaa pembamba, akasimama tawini akitazama mwanga kana kwamba amesahau unatumikaje. Nyuma yake akaja kinda, mmoja, mwenye mdomo usio na pembe. Dume alilia upande wa mtoni. Jike akaruka vibaya, akashika tawi la chini, akaruka vizuri zaidi. Kinda alikaa peke yake mpaka Angel akaanza kumsihi kwa sauti. Halafu naye akaenda.

Penina alisimama chini ya mti, mwiko ukimchuruzikia mtori mkononi. Aliyang'oa masale manne. Yalikuwa yameshashika kweli. La mwisho ilibidi alivute kwa mikono miwili.

Kwa ombi la Penina, Loserian aliitisha baraza tena, na watu wakajaa tena. Penina aliyaweka masale mezani, na udongo wake, akasema. Alisema kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza kitu alichokisahau sokoni. Hakukuwa na madai yoyote ya ardhi. Kulikuwa na mzazi ndani ya mti, na kwao mzazi huwekewa isale. Mpaka uko ulipokuwa siku zote.

Kicheko kilianza nyuma, kikafika mbele. Wengine walisimama ili wacheke vizuri.

"Umetusimamisha mtaa mzima kwa ajili ya ndege?" Loserian alisema.

"Kwa ajili ya mzazi."

"Na ulikaa kimya pale nilipokuuliza!"

"Nilikaa."

Gidion hakucheka. Alikuwa ameinama, anatazama masale mezani.

"Ungeniambia, Mama Prosper," alisema.

"Ungesema, Baba Princess."

"Nisingesema!" alisema Gidion, na hapo hapo akashikwa na kikohozi.

Baraza halikusikilizana tena. Hata mke wa Gidion alijifunika uso kwa kanga. Penina aliomba radhi kama ilivyopasa, Gidion akapokea kama ilivyompasa mzee wa kanisa, na Loserian akatuma ujumbe Nduruma kwamba mzee Yiamat apumzike.

Siku hizi Gidion husalimia juu ya uzio. Husalimia kwa ukamilifu, na husalimia akiwa amesimama mbali kidogo kuliko zamani. Vijana wa bodaboda bado wanasema Bibi Masale, kwa kicheko cha namna nyingine. Nyumba mbili tatu zimemwita tena. Ya Namelok haijamwita.

Prosper alimrudisha mama yake kutoka barazani, akazima gari uani.

"Kwa hiyo hayakuwa kwa ajili yangu," alisema.

"Hayakuwa."

Alikaa ameshika usukani. Wakati huo Hans alikuwa amekwisha sikia habari, na alikuwa anawasubiri uani, msumeno begani, viatu vya kazi miguuni.

"Kaka, kesi imeisha," Hans alisema. "Ndege ametoka, mama ameruhusu. Niwashe?"

Prosper alitazama mruka. Alitazama kona ya msingi, ambapo kamba ilikwisha oza na majani kuota. Kisha akatazama dirisha la nyuma lenye kanga.

"Mke wangu yumo ndani," alisema. "Ni mzazi. Subiri atoke."

"Mwingine tena!" Hans alisema, akaushusha msumeno chini, akacheka mpaka akakaa juu ya matofali.

Angel atakapotoka, masika yatakuwa yameanza, na kibali kitakuwa kimekwisha muda wake. Prosper anasema ataomba kingine. Huenda ataomba. Mruka bado upo, kwa sasa, na tundu lake liko wazi.

Mchana ule, Hans alipoondoka na Prosper akaenda kazini, Penina aliingia chumba cha nyuma. Alimlaza mjukuu wake juu ya mapaja, akaanza kumpaka mafuta miguuni, akianzia kwenye nyayo. Angel alikuwa ameegemea mto, anamtazama.

"Mama," alisema. "Walikuita mwizi muda wote ule, na wewe uko hapa unapika, unafua, unaimba. Mimi ningelia. Wewe haikukuuma hata kidogo?"

Penina aliendelea kupaka. Alifika kwenye magoti, akayakunja, akayanyoosha. Mtoto alipiga chafya. Nje kuku alikuwa anaparua mchanga, na ilikuwa kama Penina anangoja amalize.

"Iliniuma," alisema, kwa sauti ambayo Angel ilibidi ainame kuisikia. "Usimwambie Prosper."